Wajibu Usio na Mdai: Historia ya Makazi ya Wazee na Usalama wa Wanaotunzwa, Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania, 1896–2022

1.0 Utangulizi

Usalama wa mzee anayetunzwa katika makazi huulizwa mara nyingi kama swali la leo: Je, vitanda vinatosha? Dawa zipo? Ni wahudumu wangapi wanaoshika zamu ya usiku? Insha hii inalirudisha swali hilo katika historia yake. Mkoa wa Tanga unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, katika orodha ya makazi 17 ya wazee na wasiojiweza yaliyokuwa yakiendeshwa na Serikali Tanzania Bara wakati Sera ya Taifa ya Wazee ilipotolewa mwaka 2003, mkoa huu ulikuwa na mawili, yaani Mwanzange na Misufini. Pili, uchumi wa pwani ya kaskazini, tangu mashamba ya miwa ya bonde la Pangani hadi mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, ulijengwa na watu waliotolewa mbali na kwao. Mtu aliyetolewa mbali na kwao akizeeka, hana ukoo wa kumpokea.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kasoro za matunzo katika makazi ya wazee ni mawili. La kwanza husema kwamba makazi hayo ni jambo geni, na kwamba yamekuja kwa sababu familia ya Kiafrika imevunjika. La pili husema kwamba tatizo ni uhaba wa fedha. Insha hii haiyakatai maelezo hayo, bali inadai kwamba hayatoshi. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, wajibu wa kumtunza mzee asiye na ndugu ulihama kutoka kwa bwana kwenda kwa misheni, na kutoka kwa mwajiri kwenda kwa dola, bila hata mara moja kugeuzwa kuwa haki ambayo mzee mwenyewe angeweza kuidai. Katika kila hatua alikuwapo aliyetajwa kuwa na wajibu. Aliyekosekana ni mdai. Kasoro za usalama zilizotokea ndani ya makazi ni matokeo ya pengo hilo.

Katika insha hii, “usalama wa mkazi” una maana ya mtu kutodhuriwa na mahali palipompokea: kwa kuanguka, kwa njaa, kwa kidonda kisichosafishwa, kwa moto, kwa kuibiwa au kupigwa, au kwa kunyimwa dawa. “Kasoro ya matunzo” ni dhara ambalo lingeweza kuzuiwa kwa maarifa yaliyokuwapo wakati huo.

2.0 Mtumwa Mzee na Bwana Wake

Kabla ya ukoloni, mzee wa pwani alitunzwa na ukoo. Aliyekosa ukoo aliegemea jirani, msikiti, zaka na wakfu. Methali isemayo “asiye na mwana aeleke jiwe” inaonyesha jinsi jamii ilivyolitazama jambo hilo: kukosa mtoto ni kukosa bima ya uzee. Mtumwa alikuwa katika nafasi ya pekee, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa umekatwa kwa nguvu. Mategemeo yake ya uzeeni yalikuwa kwa bwana wake, na mategemeo hayo yalitegemea huruma na hali ya mfuko wa bwana.

Utawala wa Kijerumani haukufuta utumwa moja kwa moja. Kanuni zake za mwaka 1901 zilimtaka bwana amlishe na kumwuguza mtumwa wake wakati wa uzee na maradhi. Agizo la mwaka 1904 likatamka kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kanuni ya 1901 inastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa maneno yake ni kanuni ya matunzo ya wazee, pengine ya kwanza kuandikwa katika dola ya kikoloni ya Tanganyika. Lakini matunzo hayo yaliwekwa kama sharti la umiliki. Mzee alitunzwa kwa sababu alikuwa mali ya mtu, na aliyepuuzwa hakuwa na njia nyepesi ya kushitaki isipokuwa kufika boma, mbele ya ofisa aliyeketi na mabwana wale wale katika shughuli za utawala.

Ng’ambo ya mlango wa bahari, Unguja, amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ilifuata njia nyingine. Mtumwa aliruhusiwa kuomba uhuru wake, lakini aliyeupata alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujikimu. Akishindwa, angeweza kutangazwa kuwa mzururaji. Kwa kijana mwenye nguvu sharti hilo lilikuwa zito. Kwa kikongwe lilikuwa kitendawili kisicho na jibu: kubaki kwa bwana na kula, au kutoka na kuwa mkosaji mbele ya sheria. Utumwa ulipofutwa Tanganyika chini ya Waingereza mwaka 1922, wajibu wa bwana ulikoma pamoja na umiliki wake. Ilikuwa haki kabisa umiliki ukome. Hata hivyo, hakuna chombo kilichoandaliwa kurithi ule wajibu.

3.0 Misheni, Lutindi na Kambi za Wakoma

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na misheni. Katika milima ya Usambara, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Korogwe, kituo cha Lutindi kilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Tangu mwaka 1904 kilianza kupokea wagonjwa wa akili, na kwa sababu hiyo huhesabiwa miongoni mwa hospitali za akili za kwanza kabisa katika Afrika ya Mashariki. Serikali ilifungua hospitali yake Dodoma, ile inayojulikana kama Mirembe, miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1927.

Historia ya Lutindi inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba matunzo mema yaliwezekana hata kwa vifaa vichache. Kituo kilijengwa juu ya imani kwamba mgonjwa anafaa kupewa kazi, ratiba na watu wa kuishi nao. Kazi za shamba, na baadaye chai na ufundi wa mikono, zilikuwa sehemu ya tiba. La pili ni kwamba matunzo hayo yalining’inia kwenye uzi mwembamba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Tanganyika, wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vilipozuka tena mwaka 1939 Wajerumani walikamatwa na kuzuiliwa. Mara mbili mwendelezo wa matunzo uliamuliwa na mambo ya Ulaya ambayo mgonjwa wa Usambara hakuyajua. Hisani ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa dhamana.

Mfano wa pili ni kambi za wakoma. Kabla ya dawa ya dapsoni kuenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ukoma haukuwa na tiba ya uhakika, na mgonjwa alitengwa. Kambi nyingi zilianzishwa ili kuilinda jamii dhidi ya mgonjwa, wala si kumlinda mgonjwa. Mahali pake palichaguliwa kwa umbali na mji, si kwa ukaribu na hospitali. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1982 ziliwaponya maelfu, lakini hazikurudisha vidole, macho wala hisia za ngozi. Aliyepona alifutwa katika daftari la wagonjwa akabaki katika daftari la wasiojiweza. Kwa njia hii kambi kadhaa za wakoma nchini, kama Nunge ya Kigamboni na Sukamahela ya Singida, ziligeuka kuwa makazi ya wazee, zikiwa na majengo yale yale na mahali pale pale.

Kwa upande wa usalama, mabadiliko hayo ya jina yalikuwa na gharama. Mzee aliyepona ukoma lakini asiye na hisia miguuni hajui kwamba ameunguzwa na jiko au kwamba panya amemng’ata usiku. Anahitaji mtu wa kumkagua nyayo kila siku, viatu maalumu na usafishaji wa vidonda. Hayo ni mahitaji ya kitabibu. Alipohesabiwa kuwa “amepona”, alitoka katika mamlaka ya tabibu akaingia katika mamlaka ya ofisa ustawi wa jamii, ambaye mafunzo yake ni ya namna nyingine.

4.0 Manamba Waliobaki

Mkonge uliletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikabaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ulizaliwa uchumi mzima wa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo ilikusanya watu kutoka Songea, Kigoma na nchi jirani za Rwanda na Burundi. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na neno hilo wakaitwa manamba. Kipande chake kilihesabu siku 30 za kazi.

Mpango huo ulijengwa juu ya dhana moja kuu: kwamba kibarua ana kwao, na kwamba akichoka atarudi huko. Mwenye shamba alinunua miaka ya nguvu. Utoto na uzee vilibaki kuwa gharama ya kijiji cha mbali. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa watu wasiotakiwa mijini ilisimama juu ya dhana hiyo hiyo, kwa kuwapa watawala uwezo wa kuwarudisha makwao watu wasio na kazi. Lakini wengi hawakurudi. Wengine walioa Tanga, wengine walipoteza habari za ndugu zao, wengine waliona aibu kurudi mikono mitupu baada ya miaka ishirini. Chumba walichoishi kambini kilifungamana na ajira. Ajira ilipokoma, paa nalo lilikwenda.

Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 230,000. Baada ya hapo bei iliporomoka kwa kushindana na nyuzi za viwandani. Mashamba mengi yalitaifishwa Oktoba 1967, lakini kutaifisha hakukuzuia anguko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi uliundwa mwaka 1964, ukilipa mafao kwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi, hadi ulipogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997. Aliyekata mkonge katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa ametoa nguvu zake nyingi kabla akiba hiyo haijaanza kuhesabiwa.

Hapa ndipo makazi ya wazee ya Tanga yanapopata maana yake ya kihistoria. Si ushahidi wa familia za pwani kuwatupa wazee wao. Kwa sehemu kubwa familia za Kidigo, Kibondei, Kizigua na Kisambaa ziliendelea kuwatunza wazee wao. Mzee wa kuingia katika makazi alikuwa yule ambaye uchumi ulimleta na haukupanga kumrudisha. Makazi yalikuwa ankara ya mwisho ya mkonge, nayo ilipelekwa kwa asiyekula faida.

5.0 Dola Huru: Sera Bila Sheria

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, likiwatambua watoto, wazee na wasiojiweza kuwa miongoni mwa wachache wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine. Katika falsafa, huo ulikuwa msimamo thabiti. Katika sheria, haukuzaa chochote kwa wazee. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu; lakini Ibara ya 7(2) inatamka kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kisheria na mahakama yoyote. Haki imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa katika waraka uleule.

Ulinganisho na watoto unaliweka jambo hili wazi. Mwaka 1968 Bunge lilitunga sheria ya kusimamia makao ya watoto, kwa misingi ya leseni na ukaguzi. Mwaka 1981 ikafuata sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Na zote mbili nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo dola ilikuwa na ujuzi wa kusimamia taasisi zinazolea watu dhaifu, na iliutumia. Makazi ya wazee hayakupata sheria ya namna hiyo. Sera ya mwaka 2003 ilitambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ikatamka kwamba makazi yawe kimbilio la mwisho, na kwamba familia na jamii ndizo msingi wa matunzo. Hata hivyo, miaka ishirini baada ya sera hiyo Tanzania Bara ilikuwa bado haina sheria mahususi ya wazee, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban wazee milioni 3.5, sawa na asilimia 5.7 ya watu wote.

Kauli ya “kimbilio la mwisho” ni sahihi kimaadili, lakini ina hatari ya kiutawala. Taasisi inayohesabiwa kuwa ya mwisho huwekewa bajeti ya mwisho. Zaidi ya hayo, dhamana ya wazee ilihamahama kati ya wizara. Mwaka 2015 afya na wazee viliwekwa chini ya wizara moja. Januari 2022 vikatenganishwa tena. Kwa mzee asiyeweza kushika kijiko, afya na ustawi ni kitu kimoja.

6.0 Usalama wa Mkazi kwa Vitendo

Matunzo hayatokei katika sera; hutokea usiku, kitandani na msalani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache, la sivyo hupata vidonda vya kulalia, ambavyo vikiingiwa na vijidudu huweza kuua. Katika joto na unyevu wa Tanga, jasho na mkojo huharakisha vidonda hivyo. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mikono ya kutosha. Palipo na mhudumu mmoja wa usiku kwa wakazi wengi, hesabu yenyewe inakataa, hata mhudumu huyo awe mwema kiasi gani.

Kuanguka ni hatari ya pili. Choo kilicho mbali na chumba, sakafu yenye maji na giza hutosha kuvunja nyonga. Hatari ya tatu ni chakula: ugali mgumu na maharage ni mlo halali kwa mwenye meno, ni njaa kwa asiye nayo. Ya nne ni chandarua, kwa kuwa pwani ina malaria mwaka mzima. Ya tano ni mali ndogondogo za mzee, kama redio, kanga na fedha za sadaka, ambazo kupotea kwake humfundisha kwamba hana la kumwambia mtu.

Hisani ya wananchi imekuwa nguzo ya makazi haya. Mwezi wa Ramadhani, Idi na Krismasi huleta mchele, sukari, sabuni na mashuka. Misaada hiyo ni ya thamani, lakini hufuata kalenda ya mtoaji. Kidonda hakingoji Idi. Tena, mkazi anayepokea kama zawadi kile ambacho ni stahili yake hujifunza kushukuru pale ambapo angepaswa kuuliza.

Kwa mwanahistoria, tatizo kubwa zaidi ni kwamba kasoro za aina hii haziachi nyaraka. Daftari la makazi huandika siku ya kuingia na siku ya kufa. Neno “uzee” likiandikwa kuwa sababu ya kifo, swali hufungwa kabla halijaulizwa. Pasipo ukaguzi hakuna taarifa ya ukaguzi. Pasipo ndugu hakuna wa kulalamika. Ukimya wa kumbukumbu, kwa hiyo, hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa usalama. Ni sehemu ya kasoro yenyewe.

7.0 Ulinganisho: Unguja na Kwingineko

Unguja ilipitia historia inayofanana hadi mwaka 1964. Makazi ya Welezo yana asili ya misheni ya Kikatoliki iliyotunza maskini na wagonjwa. Baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza matunzo ya wazee kuwa jukumu lake, na nyumba za Sebleni zikawa alama ya ahadi hiyo. Tofauti kubwa ilikuja baadaye. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kutoka bajeti ya Serikali yenyewe, na mwaka 2020 ikatunga Sheria ya Masuala ya Wazee. Kiasi hicho kilikuwa kidogo. Umuhimu wake ni kwamba hakikumtaka mzee athibitishe ufukara wala kukosa ndugu: alidai kwa umri wake tu.

Nchi tajiri nazo hazikufika salama kwa fedha peke yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1987 iliyoorodhesha haki za wakazi wa nyumba za wazee na kuimarisha ukaguzi, baada ya miaka mingi ya kashfa. Kasoro hazikuisha, kama vifo vya mwaka 2020 wakati wa janga la korona vilivyoonyesha. Lakini kilichopatikana ni taarifa za ukaguzi ambazo mkazi, mtoto wake au mwandishi wa habari anaweza kuzisoma na kuzitumia. Protokali ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa Januari 2016, inaelekea huko huko kwa kuzitaka nchi ziweke viwango vya taifa vya matunzo katika makazi.

8.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia wajibu wa kumtunza mzee asiye na ndugu katika pwani ya kaskazini ya Tanzania. Kanuni ya 1901 iliuweka kwa bwana kama sharti la umiliki. Misheni iliubeba kama hisani. Mkonge uliusukuma kwenda vijiji vya mbali. Dola huru iliupokea kama sera. Kila aliyeupokea aliahidi jambo, na baadhi walilitimiza kwa moyo. Lakini hakuna aliyempa mzee karatasi ya kudaia.

Kutokana na mfuatano huo, mapendekezo ya kuongeza majengo, magodoro na misaada, ingawa yanahitajika, hayagusi mzizi. Mambo matatu yanajitokeza: sheria inayoweka leseni na viwango vya chini kwa makazi yote ya wazee, ya Serikali na ya binafsi, kama ilivyofanyika kwa makao ya watoto tangu mwaka 1968, ukaguzi huru unaochapisha matokeo yake, na daftari la matukio katika kila makazi, linaloandika kuanguka, kidonda, kuungua na kifo pamoja na sababu yake ya kitabibu. Jambo la tatu ni la gharama ndogo kuliko yote, na lingeweza kuanza kabla ya yale mawili.

Kazi ya utafiti iliyobaki ni ya haraka kwa sababu za kawaida za kibinadamu. Kizazi cha manamba wa SILABU kinakwisha. Madaftari ya mashamba na ya makazi yapo hatarini kwa mchwa na unyevu. Masimulizi ya wakazi wenyewe, yakikusanywa kwa ridhaa yao na kwa kuficha majina yao, ndiyo yatakayoonyesha kwa ukamilifu namna watu waliojenga uchumi wa Tanga walivyotunzwa pale nguvu zao zilipowaishia.